Kuipamba Nyumba kwa Ajili ya Halloween Mjini Lubumbashi: Mwongozo Kamili wa Kazi ya Ndani

Tarehe 31 Oktoba jua la Lubumbashi huzama dakika chache baada ya saa kumi na mbili jioni, na giza letu haliji kwa kunyata: mama aliyeanza kuchambua mboga kwa mwanga wa dirishani huimaliza kazi hiyo kwa taa. Anayetaka kuipamba nyumba yake kwa ajili ya Halloween aanze kwa kulifikiria giza hilo, kwa sababu ndilo pambo la kwanza na halinunuliwi. Nimeipamba saloni yetu, yaani sebule, miaka minne mfululizo kwa ajili ya watoto wa nyumbani na wenzao wa parseli (viwanja vya nyumba) za jirani, na kila mwaka nimepunguza vitu na kuongeza vivuli. Yaliyofaa nimeyapanga hapa kwa kufuata siku, kuanzia wiki mbili kabla hadi asubuhi ya tarehe 1 Novemba, pamoja na yale niliyojifunza kwa kukosea.

Halloween ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na jina lake limetokana na maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana hiyo hiyo. Kabla ya Kanisa kuiweka sikukuu hiyo tarehe 1 Novemba, Wakelti wa Ayalandi na Uskoti walikuwa na Samhain, sherehe ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, wakati ambapo waliamini kwamba mpaka kati ya walio hai na waliokufa hulegea. Waayalandi walichonga nyuso kwenye mboga za mizizi, wakaweka mwanga ndani yake. Walipohamia Marekani kwa wingi, hasa baada ya njaa ya viazi iliyoanza mwaka 1845, walilikuta boga, ambalo asili yake ni huko huko bara la Amerika, na wakaliona kubwa zaidi na rahisi zaidi kuchonga. Rangi ya machungwa ni ya boga na mavuno. Nyeusi ni ya usiku. Anayeyajua haya hababaiki dukani, kwa maana boga, mavuno, usiku na mwanga vinatosha kuijenga Halloween nzima, na vyote vinapatikana mjini kwetu bila kuagiza kitu ng'ambo.

Kabla ya kushika mkasi: amua nini hakitaingia ndani

Mapambo yanayotengenezwa ng'ambo yamejaa mafuvu, majeneza, misalaba ya makaburini na sanamu za maiti. Mwaka wa kwanza nami nilitundika mifupa ya karatasi juu ya mlango wa saloni, nikaikata vizuri, mbavu kwa mbavu, na nikajivunia kazi yangu. Jioni ile mama mkubwa alikuja kutusalimu. Alifika kizingitini, akatazama juu, akarudi hatua moja nyuma. «Mwanangu,» akasema, «mimi nimetoka kuzika mwezi uliopita. Toa kile kitu, ndipo nitaingia.» Nilipanda kiti nikaitoa palepale, nikamwomba radhi, na tangu siku hiyo hakuna mfupa wala jeneza lililoingia nyumbani kwetu. Wafu wetu wana siku yao: tarehe 1 Agosti asubuhi tunakwenda makaburini kufyeka na kusafisha, na mchana watoto wanawasherehekea wazazi walio hai. Kumbukumbu hiyo haihitaji kurudiwa saloni kwa karatasi.

La pili ni zito zaidi. Katika nchi yetu ya Kongo kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu mtu anayemshutumu mtoto kwa uchawi. Kwa hiyo usimvishe mtoto kofia ya mchawi, usimpake uso ili afanane na mchawi, wala usimpige picha ya namna hiyo na kuisambaza kwenye simu, kwa sababu picha huwafikia watu wasiojua kwamba ulikuwa mchezo, na anayebeba uzito wake ni mtoto. Bundi pia namwacha nje, maana kwa familia nyingi ni ndege wa habari mbaya. Wanaobaki wanatosha kabisa: popo, buibui na utando wake, mwezi, tawi kavu, na boga lenye uso.

Ikiwa kuna kilio katika parseli yenu au kwa jirani wa karibu, ahirisha. Na hata pasipo na kilio, waeleze mapema wazee wa nyumbani na majirani mnaopakana nao kwamba ni mchezo wa watoto wa usiku mmoja. Maelezo ya dakika tano yaliyotolewa mlangoni mchana huzuia maswali ya usiku.

Wiki mbili kabla: chagua chumba kimoja

Kosa la wengi ni kutaka kuipamba nyumba nzima. Vitu ishirini vikitawanywa vyumba vitano huonekana kama takataka zilizosahauliwa. Vikikusanywa chumba kimoja huwa ni ulimwengu. Chagua saloni, na kama saloni ni kubwa, chagua ukuta mmoja na kona moja ya saloni hiyo. Kaa kwenye kiti ambacho mgeni atakikalia, tazama mbele, na uchague ukuta ambao macho yanauangukia kwanza. Huo ndio ukuta wa kazi. Kuta nyingine ziache tupu, kwa sababu macho yanahitaji pa kupumzikia ili yashtuke yanaporudi.

Chunguza pia ukuta umepakwa nini. Ukuta wa rangi ya mafuta huvumilia skochi (utepe wa gundi), lakini ukuta wa chokaa hubanduka pamoja na skochi hiyo na kukuachia mabaka meupe na mekundu hadi upake upya. Kwenye chokaa, tundika kila kitu kwa uzi kutoka kwenye fimbo ya pazia au kwenye misumari iliyokuwepo tayari. Gundi ya unga usiipake ukutani hata kidogo, kwa kuwa huacha doa na kuwaita mende.

Wiki moja kabla: kukusanya vifaa

Mwezi wa Oktoba, jakaranda za Lubumbashi zikiwa zimechanua zambarau, matawini bado huning'inia maganda ya mbegu ya msimu uliopita, na mengine yameshaanguka chini. Okota moja ulitazame kwa karibu. Ni bapa, la mviringo, pana karibu kama kiganja cha mtoto, la rangi ya kahawia, gumu kama ubao mwembamba. Na likikauka hufunguka ukingoni kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo. Mdomo ule ndio thamani yake. Ukiingiza bawa la karatasi kila upande wa ufa huo, unapata popo mwenye mwili halisi, mwenye uzito, anayegeuka polepole kwenye uzi wake upepo unapopita, na hakuna popo wa plastiki atakayemfikia. Kusanya maganda kumi na tano hadi ishirini.

Tafuta pia tawi moja kavu lenye vijitawi vingi, urefu wa mita moja na nusu hivi, lililoanguka lenyewe. Hakuna sababu ya kuukata mwembe wakati unapobeba matunda. Mashina makavu ya mahindi na majani makavu huleta sura ya mavuno, lakini yakung'ute nje, uyaanike juani siku nzima, na uyatazame vizuri kabla ya kuyaingiza, maana humo hujificha nge na siafu.

Vitu vingine viko nyumbani: maboksi ya katoni, mitungi ya kioo iliyokuwa na jemu au mayonezi, kitenge cheusi au cha rangi ya machungwa, uzi mweusi, pamba ya duka la dawa, tochi mbili au tatu, na makaa. Chupa za bia zinaonekana vizuri zikipakwa nyeusi, ila kumbuka kwamba chupa hizo hurudishwa depo. Tumia zile ambazo hazirudishwi, kwa sababu chupa iliyopakwa rangi inaweza kukataliwa. Chandarua kilichochakaa kabisa kinaweza kuwa utando mzuri, lakini chandarua ambacho mtu bado anakilalia kisiguswe hata kwa mkasi mdogo, kwa kuwa mvua zinaanza na mbu wanaongezeka. Na kwa sababu vyandarua vingi vimetiwa dawa, hata kile cha zamani kifuliwe, kisitundikwe juu ya chakula, na mikono inawe baada ya kukishika.

Rangi nyeusi tengeneza mwenyewe. Saga makaa hadi yawe vumbi laini, uyachekeche kwa kitambaa chembamba. Koroga vijiko viwili vikubwa vya unga wa muhogo katika kikombe kimoja cha maji baridi, kisha upashe motoni huku ukikoroga mpaka uji uwe mzito na wa kung'aa. Ukipoa, changanya na vumbi la makaa kidogo kidogo hadi upate weusi unaoutaka. Paka kwenye katoni, kwenye tawi na kwenye maganda, uache vikauke juani. Kisha sugua kwa kidole: kidole kikitoka cheusi, uji ulikuwa mwepesi mno, kwa hiyo paka tabaka jingine lenye unga zaidi. Usilipuuze jaribio hili, kwa sababu makaa yasiyoshika yataishia kwenye viti vyeupe na nguo za wageni.

Siku tatu kabla: popo, utando na tawi

Mabawa ya popo hukatwa kwenye katoni nyembamba au karatasi ngumu. Ikunje karatasi katikati mara moja, chora nusu ya umbo kwenye mkunjo, ukate, ukunjue. Pande zote mbili zitalingana. Ukingo wa chini wa bawa uwe na vipinde vitatu kama kitambaa cha mwavuli. Tengeneza saizi tatu: mapana ya sentimita 10, 15 na 25. Halafu kunja kila bawa kidogo kuelekea juu, kwani popo aliyebanwa bapa ukutani ni picha tu, na popo aliyeinua mabawa ana kivuli chake mwenyewe.

Mpangilio ndio unaowafanya waruke. Waanzishe kwenye kona ya chini karibu na dirisha, wadogo na wa karibu karibu, kisha uwapandishe kwa mshazari kuelekea kona ya juu ya upande wa pili, wakizidi kuwa wakubwa na kuachana. Jicho litasoma kwamba wameingia kwa dirisha na wanamjia mtazamaji. Kumi na tano wanatosha. Wale wa maganda ya jakaranda waning'inize mbele ya ukuta, kwa nyuzi za urefu tofauti, juu ya vichwa vya watu wazima ili wasiguswe usoni gizani.

Utando wa buibui una njia mbili. Ya kwanza ni uzi mweupe: nyoosha nyuzi sita au saba kutoka kituo kimoja kama miali ya jua, ukizifunga kwenye ncha za tawi au kwenye misumari ya kona, kisha uzungushe uzi mmoja mrefu kutoka katikati kwenda nje, ukiuzungusha mara moja kwenye kila mwali unaoupita. Kazi hii inachukua saa nzima na inadumu miaka. Ya pili ni pamba: chukua kipande kidogo sana, kisichozidi yai, ukivute polepole kwa vidole vya mikono miwili hadi uone ukuta kupitia kwake. Kama bado kinafanana na pamba, hujavuta vya kutosha. Pamba hushika moto kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo mahali ilipo pamba hapakai mshumaa, hata ule uliomo ndani ya kioo.

Tawi lililopakwa nyeusi lisimamishe ndani ya ndoo iliyojaa mawe na mchanga, ulijaribu kwa kulisukuma kwa nguvu ambayo mtoto anayekimbia angelisukuma. Likiyumba, ongeza mawe. Ifunike ndoo kwa kitenge au mashina ya mahindi.

Mwanga, ambao ndio kazi yenyewe

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda mwingi kuliko penginepo. Umeme ukiwaka kwa ukamilifu wake, taa ya dari huua kila kitu ulichokifanya. Popo hugeuka katoni na utando hugeuka pamba. Usiku huo taa ya dari izimwe, na mwanga wote utoke chini au pembeni.

Weka tochi sakafuni, mita 2 kutoka kwenye ukuta wa kazi, ikiutazama ukuta. Mbele yake, sentimita 30 kutoka kwenye kioo cha tochi, simamisha popo wa katoni mwenye upana wa sentimita 10, aliyechomekwa kwenye kijiti ndani ya kopo la mchanga. Ukutani atatokea popo wa karibu sentimita 67. Msogeze hadi mita 1 kutoka kwenye tochi, na kivuli kitashuka hadi sentimita 20. Kadiri umbo linavyoukaribia mwanga ndivyo kivuli kinavyokua, na kadiri linavyoukaribia ukuta ndivyo kingo zake zinavyokuwa kali. Ukilielewa jambo hili unaweza kuujaza ukuta mzima kwa vipande vitatu vya katoni. Tumia tochi yenye taa moja ndogo. Ile yenye taa nyingi hutoa vivuli vingi vilivyopandana, na umbo hupotea.

Lijaribu pia lile tawi: weka tochi ya pili nyuma ya ndoo, ikimulika juu kupitia vijitawi. Dari yote itajaa mishipa. Watoto wetu mwaka jana walilala chali kwenye mkeka wakitazama dari hiyo kwa muda mrefu kuliko walivyocheza mchezo wowote niliouandaa.

Kwa mwanga wa machungwa, zungushia mtungi wa kioo karatasi nyembamba ya rangi hiyo kwa nje, na ndani uweke taa ndogo ya betri. Usifunike balbu ya umeme kwa kitambaa wala karatasi. Balbu za kizamani huunguza, na hata zile zisizopata joto sana zinahitaji hewa. Taa za jua zilizochajiwa mchana zinafaa sana kwa kazi hii, na faida yake kubwa ni kwamba umeme ukikatika katikati ya jioni, hakuna atakayegundua.

Tarehe 30 jioni: kulichonga boga

Joto la mwisho wa Oktoba hupita nyuzi 30 mchana, na boga lililotobolewa huanza kulegea na kuvuta vijinzi ndani ya siku mbili au tatu. Usilichonge mapema kwa furaha. Lichonge tarehe 30 jioni.

Sokoni chagua boga lenye kikonyo chake, kwa sababu palipong'oka kikonyo ndipo uozo unapoanzia. Ngozi yake iwe ngumu kiasi kwamba ukucha hauingii, kitako chake kiwe bapa, na ukilizungusha mikononi pasiwe na mahali panapobonyea. Maboga yetu mengi yana ngozi ya kijani au ya kijivu, na kuna wanaokata tamaa kwa kutoyaona ya machungwa kama ya kwenye picha. Hiyo si hasara, kama nitakavyoeleza.

Wengi hukata kifuniko juu. Mimi nakata tundu kwenye kitako, kwa sababu boga linabaki na kikonyo na sura yake nzima, na siku ya kuliwasha unalishusha tu juu ya taa iliyowekwa kwenye sahani. Kata tundu linalopitisha mkono. Kwa kijiko cha chuma komba nyuzi na mbegu, mbegu uziweke kwenye bakuli lake, kisha ukwangue nyama ya upande utakaokuwa uso hadi ukuta wake ubaki na unene wa sentimita 2 na nusu. Ukikwangua zaidi ya hapo uso utanywea na kujikunja kabla ya wageni kufika. Nyama uliyoikwangua ni chakula safi cha jioni hiyo: ipike na karanga zilizotwangwa.

Chora uso kwenye karatasi kwanza, uibandike kwenye boga, na utoboe mistari kwa msumari, kitobo kando ya kitobo, umbali wa nusu sentimita. Ukiondoa karatasi utakuwa na ramani. Kwa kukata, kisu kidogo chenye meno ni salama kuliko kisu kikubwa chenye makali laini, kwa maana kinakwenda kwa kukereza na hakihitaji kusukumwa kwa nguvu. Kwa boga lenye ngozi ngumu mno, kipande cha msumeno wa kukatia chuma, kilichozungushiwa kitambaa upande wa mkono, hufanya kazi vizuri. Anza na vipande vidogo vya katikati, macho na pua, umalizie na mdomo, kwa sababu mdomo ukitangulia boga hupoteza uimara wake na macho yatapasuka. Anayekata awe mtu mzima. Watoto wapewe kuchora, kutoboa kwa msumari na kukomba mbegu, kazi ambayo wanaipenda zaidi hata hivyo.

Na sasa ile faida ya ngozi ya kijani. Sehemu nyingine za uso, kwa mfano nyusi, mikunjo ya paji au meno, usizitoboe. Kwangua ngozi ya nje tu, uache nyama ya ndani. Mchana zinaonekana kama michubuko ya rangi ya njano. Usiku taa ikiwaka ndani, nyama ile hupitisha mwanga na kung'aa machungwa mazito, laini kuliko mwanga unaotoka kwenye tundu, huku ngozi ya kijani iliyoizunguka ikiwa nyeusi tii. Boga la kijani lililochongwa hivi linapendeza kuliko la machungwa, na nasema hivyo kwa kuwa nimeyaweka mawili ubavu kwa ubavu.

Baada ya kuchonga, losha ndani na kingo zake kwa maji yenye javeli (dawa ya kung'arishia nguo), kijiko kimoja kikubwa kwa lita 4 za maji, kisha uliache likauke likiwa limeinamishwa. Kama utatumia taa ya betri, paka kingo zilizokatwa vazelini kidogo ili zisinyauke. Kama utatumia mshumaa, acha vazelini, na utoboe tundu la hewa karibu na kikonyo ili joto litoke. Liweke boga mahali penye ubaridi, sakafuni, mbali na dirisha la magharibi. Boga lililooshwa kwa javeli halipikwi tena.

Siku yenyewe

Meza haihitaji mengi. Tandika kitenge, weka boga katikati, na ulizungushie machungwa madogo au mandarini zilizochorwa nyuso kwa kalamu nyeusi, ambazo kila mtoto ataimenya ya kwake. Mbegu za boga zilizooshwa, zikakaushwa na kukaangwa kwa chumvi ziwekwe kwenye bakuli, pamoja na karanga na mtungi wa juisi ya marakuja (pasheni), ambayo rangi yake inafaa jioni hiyo kuliko soda yoyote.

Mchana pita nyumbani ukiwa na macho ya mtu anayetafuta hatari. Madirisha yetu mengi yana vyuma vya kuzuia wezi, na maana yake ni kwamba moto ukitokea, mlango ndio njia pekee. Mlango usizibwe na tawi wala meza, na ufunguo ukae ndani ya kitasa au mahali ambapo kila mtu mzima anapajua. Mishumaa, au buji kama tunavyoziita, isizidi miwili, kila mmoja ndani ya mtungi wa kioo wenye mchanga chini, juu ya kitu kisichofikiwa na mtoto, na angalau sentimita 30 kutoka kwenye pazia, pamba, karatasi na majani makavu. Mvua za kwanza huja na upepo wa ghafla unaoyapeperusha mapazia hadi katikati ya chumba, kwa hiyo madirisha ya upande wenye mwanga wa moto yafungwe. Ndoo ya maji na moja ya mchanga zikae jikoni.

Jambo moja nalikataza kwa nguvu zangu zote. Kuna watu wanaoingiza ndani mbabula, yaani jiko la makaa, likiwa linawaka ili kupata moshi au mwanga mwekundu. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlaza mtu usingizi na kumuua bila yeye kushtuka. Mbabula ibaki nje, usiku huo kama usiku mwingine wowote.

Saa kumi na mbili kasorobo washa tochi na taa zote wakati bado kuna mwanga dirishani, ukae kwenye kile kiti cha mgeni, na usubiri. Kadiri giza linavyoingia utaona nini hakikai sawa: kivuli kinachogongana na kabati, uzi unaong'aa, boga linalotazama ukuta. Rekebisha hapo hapo. Watoto wadogo waingizwe kwanza taa ya dari ikiwa inawaka, waonyeshwe kila kitu na kukigusa, ndipo taa izimwe wakiwa wamekaa karibu na mtu wanayemwamini. Anayelia atolewe nje bila kuchekwa, na asirudishwe kwa lazima.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba

Yaondoe mapambo kabla ya kwenda Misa, kwa sababu siku hiyo ni ya Watakatifu Wote na ya kesho yake ni ya marehemu, na wazee watakaopita kusalimia wanastahili kukuta saloni safi. Anza na pamba na majani makavu. Popo wa karatasi wapange bapa kati ya magazeti. Wale wa jakaranda wafungie ndani ya boksi lenye mfuniko, mbali na panya. Utando wa uzi uzungushe kwenye kipande cha katoni ukianzia nje kuelekea katikati, vinginevyo mwakani utakuwa fundo moja.

Boga likatwe vipande na kufukiwa shambani au kwenye shimo la mbolea nyuma ya nyumba. Zile mbegu ambazo hukuzikaanga zioshwe, zianikwe kivulini siku kadhaa hadi ziwe ngumu, na mvua ikishakolea mwezi huo huo wa Novemba zipandwe mbili mbili kwa kila shimo, mashimo yakiachana karibu mita 2. Majani machanga huanza kuchumwa kwa kibwabwa, yaani mboga ya majani ya boga, baada ya wiki chache, ila yachume kwa kiasi na uziache ncha za mitambao, ili mmea ubaki na nguvu ya kuzaa maboga.